Von Neumann: Msomi aliyeifunza tarakilishi kupanga orodha, na somo lake kwa nyumba za Gusii

ORODHA ya wadi za kaunti za Kisii na Nyamira ina majina 65: Kisii 45, Nyamira 20. Ukiipanga kwa kufuata alfabeti pekee, Bogiakumu itasimama ubavuni mwa Bogichora kana kwamba ni ndugu wa toka nitoke. Hali halisi ni kwamba Bogiakumu imo katika eneobunge la Bonchari, Kisii, nayo Bogichora imo Mugirango Magharibi, Nyamira.

Orodha hiyo haina kosa lolote la hijai, lakini imeficha jambo kubwa: nani yumo ndani ya nani. Wadi imo ndani ya eneobunge, eneobunge limo ndani ya kaunti. Kupanga vitu vilivyomo ndani ya vitu vingine, kisha kuvionyesha kwenye ukurasa bila kuvitenganisha na mahali pake, ni kazi inayowakuna vichwa vijana wengi wanaojifunza kuunda tovuti.

Asili ya kazi hiyo ni ya kale kuliko intaneti yenyewe. Miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuandika maagizo ya kuifanya tarakilishi ipange orodha ni John von Neumann, mwanahisabati aliyeaga dunia mwaka 1957, kabla hata ya Kenya kupata uhuru. Maisha yake yalikuwa mafupi, yenye sifa kubwa na doa lisilofutika. Yanastahili kusimuliwa upya katika nchi ambayo majina katika orodha yanaweza kuamua nani atapata shamba na nani atabaki mkono mtupu.

KIFUNGUA MIMBA WA BUDAPEST

Alizaliwa Desemba 28, 1903 mjini Budapest, Hungary, akapewa jina János Lajos. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya Kiyahudi yenye wavulana watatu. Babake, Miksa Neumann, alikuwa mtu wa benki mwenye uwezo. Mnamo 1913 Maliki Franz Joseph alimpandisha mzee huyo daraja la ukabaila, na hapo ndipo kilipotoka kile kijineno cha von ambacho mwanawe alikibeba hadi kaburini.

Kipaji cha kijana huyo kilijitokeza mapema. Alipoingia shule ya upili ya Walutheri mjini Budapest, walimu waliona hawana jipya la kumpa katika hisabati, wakamtafutia wasomi wa chuo kikuu wamfundishe kando. Shuleni humo alitanguliwa darasa moja na Eugene Wigner, ambaye baadaye, mwaka 1963, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Hata hivyo, babake alikuwa na wasiwasi ambao wazazi wengi wa Gusii watauelewa bila kuelezwa. Aliona hisabati haiwezi kumlisha mtu. Wakaafikiana kwamba kijana asomee uhandisi wa kemia, kwanza Berlin kisha Zurich, huku akiwa amejiandikisha Budapest kwa shahada ya udaktari wa hisabati. Mwaka 1926 alihitimu kote kuwili, akiwa na umri wa miaka 22.

KIKAPU NDANI YA KIKAPU

Akiwa bado mwanafunzi, mnamo 1923, alichapisha makala kuhusu swali linaloonekana la kitoto: nambari ni nini? Jibu lake lilikuwa kwamba kila nambari ni mkusanyiko wa nambari zote zilizoitangulia.

Chukua vikapu. Sufuri ni kikapu kitupu. Moja ni kikapu chenye kikapu kitupu ndani yake. Mbili ni kikapu chenye vikapu viwili: kile cha sufuri, na kile cha moja pamoja na kilichomo ndani yake. Tatu inabeba sufuri, moja na mbili, na kuendelea hivyo bila kikomo.

Katika mpango huo mambo mawili yanatimia kwa pamoja. Vikapu vimepangwa ndani ya vikapu, na hapo hapo vimefuatana kwa taratibu, kwa kuwa nambari ndogo daima imo ndani ya kubwa. Maelezo hayo yangali yanafundishwa vyuoni hadi leo. Kijana wa miaka 19 alikuwa ameonyesha kwamba kuwemo ndani na kufuatana ni mambo yanayoweza kukaa nyumba moja bila ugomvi.

SAFARI YA MAREKANI

Baada ya kufundisha Ujerumani, von Neumann alialikwa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, mwaka 1930. Mwaka huo huo alimwoa Mariette Kövesi, naye akabatizwa Mkatoliki kabla ya harusi. Miaka mitatu baadaye, Hitler aliponyakua mamlaka na wasomi wa Kiyahudi kuanza kufukuzwa vyuoni Ujerumani, yeye alikuwa tayari ameteuliwa kuwa mmoja wa maprofesa wa kwanza wa Taasisi ya Masomo ya Juu ya Princeton, sambamba na Albert Einstein.

Binti yake wa pekee, Marina, alizaliwa mwaka 1935. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1937, mwaka ambao pia alipata uraia wa Marekani. Mwaka uliofuata alimwoa Klára Dán, naye pia mzaliwa wa Budapest.

Alikuwa mtu wa sherehe, wa suti nadhifu na wa mzaha mwingi, aliyependa kuendesha gari ingawa hakuwa dereva wa kutegemewa. Mwaka 1944, pamoja na mwanauchumi Oskar Morgenstern, alichapisha kitabu kilichoweka msingi wa nadharia ya michezo, yaani hisabati ya watu wanaoshindana wakijua kwamba kila mmoja anamkadiria mwenzake.

BOMU NA MASHINE

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilimfikisha Los Alamos, jimboni New Mexico, mwaka 1943. Huko alisaidia kukokotoa jinsi baruti iliyozungushiwa tufe la plutoni ingelipuka kwa namna ya kulibana kutoka pande zote kwa wakati mmoja. Bomu la aina hiyo ndilo lililoangushwa Nagasaki mnamo Agosti 9, 1945. Aidha, alikaa katika kamati iliyojadili miji ya Japani itakayoshambuliwa. Makumi ya maelfu ya raia waliangamia, na hakuna wasifu wake wa haki unaoweza kuliruka jambo hilo.

Hesabu za kazi hiyo zilikuwa nyingi kupita uwezo wa binadamu. Kiangazi cha 1944, kwenye stesheni ya reli ya Aberdeen, Maryland, alikutana na Herman Goldstine, afisa wa jeshi aliyekuwa pia mwanahisabati. Goldstine alimfahamisha kuhusu ENIAC, mashine ya kielektroniki iliyokuwa ikiundwa Philadelphia na wahandisi John Mauchly na Presper Eckert.

ENIAC ilikuwa na kasi ya ajabu, lakini ilikuwa na udhaifu mmoja. Kila ilipopewa kazi mpya, ilibidi nyaya zichomolewe na kuchomekwa upya, shughuli iliyoweza kuchukua siku kadhaa. Kundi hilo likaanza kubuni mashine nyingine, EDVAC, ambayo ingehifadhi maagizo katika kumbukumbu ile ile inayohifadhi data.

Mwaka 1945 von Neumann aliandika ripoti iliyoeleza mpango huo. Goldstine aliisambaza Juni mwaka huo ikiwa na jina moja tu juu yake, la von Neumann. Eckert na Mauchly walihisi wameporwa jasho lao, na uhasama huo haukuisha. Mwaka 1973 mahakama ya Marekani ilifuta hataza ya ENIAC, na usambazaji wa ripoti hiyo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowaponza wahandisi hao. Hadi leo muundo wa tarakilishi nyingi huitwa kwa jina la von Neumann, na wapo wanaoamini kwamba sifa hiyo ilipaswa kugawanywa miongoni mwa wengi.

KUPANGA KWA KUUNGANISHA

Je, mashine kama hiyo ingefaa kwa jambo lolote jingine, au ingeishia kujumlisha na kuzidisha tu? Ili kujua, mnamo 1945 von Neumann alichukua kalamu na kuandika programu ya EDVAC, mashine ambayo ilikuwa bado haijaundwa. Hakuchagua hesabu za bomu. Alichagua kupanga orodha, kazi ambayo ofisi za wakati huo zilifanya kwa mashine za kuchambua kadi zenye matundu, akataka kulinganisha kasi.

Njia yake huitwa upangaji kwa kuunganisha, na haihitaji shahada kuielewa. Wachukue wachumaji chai wawili, kila mmoja akiwa na rundo la kadi ambalo tayari limepangwa kuanzia nambari ndogo. Ili kupata rundo moja, huhitaji kupekua kadi zote. Tazama kadi ya juu ya kila rundo, chukua iliyo ndogo, iweke chini, kisha tazama tena. Marundo mawili yanapoisha, rundo jipya limepangika.

Ukianza na kadi moja moja, unaunganisha mbili mbili, halafu nne nne, nane nane, mpaka unabaki na rundo moja. Kwa wadi 65 za Kisii na Nyamira, kulinganisha kila jina na kila jingine kungehitaji ulinganishaji mara 2,080. Kwa njia ya kuunganisha, mizunguko saba inatosha, na idadi haifiki 455. Orodha inapokuwa na majina 1,000, tofauti ni kubwa zaidi: karibu nusu milioni upande mmoja, chini ya 10,000 upande wa pili.

Lakini kuna jambo dogo katika programu hiyo ambalo ni rahisi kulipita. Vitu alivyovipanga von Neumann havikuwa nambari tupu. Kila kimoja kilikuwa na ufunguo, yaani nambari ya kupangia, na nyuma yake mzigo wa nambari nyingine zilizofungamana nao. Ufunguo ulipohama, mzigo ulihama pamoja nao. Mashine ilitazama ufunguo pekee, lakini haikuruhusiwa kuuacha mzigo nyuma.

Mwaka 1948 yeye na Goldstine walichapisha maelezo kamili ya kuunganisha na kupanga orodha. Mwaka huo huo, mkewe Klára alikuwa miongoni mwa walioandika programu zilizoendeshwa na ENIAC, akawa mmoja wa wanawake wa mwanzo katika fani hiyo. Mwaka 1970 mwanasayansi Donald Knuth aliuchambua muswada ule wa 1945 mbele ya wasomi wenzake, na jina la von Neumann likathibitika katika historia ya upangaji.

MTI WA MOGUSII

Von Neumann alipanga safu iliyonyooka, kitu kimoja baada ya kingine. Data za tovuti za leo mara nyingi si safu, bali ni mti. Huhifadhiwa katika muundo kama ule uitwao JSON, ambamo mabano hufunguliwa ndani ya mabano: kaunti ina maeneobunge, kila eneobunge lina wadi zake.

Wagusii hawahitaji kufundishwa mti huo kwa mifano ya ughaibuni. Masimulizi yao yanamtaja Mogusii kuwa babu wa wote. Chini yake wamo Abagetutu, Abanyaribari, Abagirango, Abanchari, Ababasi na Abamachoge. Ndani ya hao zimo koo, ndani ya koo imo miji, na ndani ya mji wa mume mwenye wake wengi, kila mke ana enyomba yake. Majina ya maeneobunge ya Kitutu, Nyaribari, Mugirango, Bonchari, Bobasi na Bomachoge yangali yanaubeba mti huo.

Hata hapo pana mtego. Mugirango Kusini imo Kisii, ilhali Mugirango Magharibi na Mugirango Kaskazini zimo Nyamira. Mwenye kupanga kwa ukoo atayaweka maeneo hayo matatu pamoja. Mwenye kupanga kwa kaunti atayatenganisha. Programu haiwezi kumchagulia mtu mti upi ni wa kweli. Ni lazima aamue kwanza ni swali gani anataka kujibu.

Akishaamua, kazi ina hatua mbili. Kwanza, kila ngazi hupangwa peke yake: kaunti kwa kaunti, kisha ndani ya kila kaunti maeneobunge yake, kisha ndani ya kila eneobunge wadi zake. Waunda tovuti hutumia utaratibu unaojiita wenyewe: unapanga watoto wa tawi hili, kisha unaingia kwa kila mtoto na kurudia yale yale, hadi unapofika kwenye jani lisilo na mtoto. Pili, wakati wa kuonyesha, kila ngazi husogezwa kidogo kuelekea kulia, ili jicho lijue wadi ni ya nani bila kuuliza.

Kazi ya von Neumann imo humo kimyakimya. Mwaka 2002 Tim Peters aliitungia lugha ya Python mbinu ya kupanga iliyojengwa juu ya kuunganisha, na mbinu hiyo baadaye ikaingia katika vivinjari vya intaneti. Tangu 2019, kanuni za lugha ya JavaScript zinataka upangaji uwe thabiti, yaani vitu viwili vyenye ufunguo sawa vidumishe mfuatano viliokuwa nao. Kwa hivyo ukipanga watoto kwa umri, kisha ukawapanga tena kwa nyumba, ndani ya kila nyumba mkubwa atabaki kumtangulia mdogo.

MAJINA MANANE

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee ameaga dunia bila wosia, akaacha ekari 10 na wajane wawili. Nyumba ya kwanza ina watoto wawili, ya pili ina sita. Mwenye kugawa kwa kuhesabu nyumba atatoa ekari tano kwa tano.

Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika Julai 1, 1981, inahesabu vingine. Kifungu cha 40 kinasema mali ya mume wa wake wengi igawanywe kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, na kila mjane aliye hai ahesabiwe kuwa fungu moja zaidi. Nyumba ya kwanza ina mafungu matatu, ya pili saba. Ekari zinakuwa tatu kwa saba. Sheria haibagui mtoto wa kike katika hesabu hiyo. Kisha, ndani ya kila nyumba, haki ya mjane na ya watoto hufuata vifungu vingine vya sheria hiyo hiyo.

Sasa mtu aandike majina manane ya watoto kwa alfabeti, bila nyumba. Hakuna jina lililokosewa, na idadi ni kamili. Hata hivyo, hakimu hawezi kujua mjane yupi ana haki juu ya fungu lipi, wala nyumba ipi ina wangapi. Wala mtoto aliyeachwa nje kwa hila haonekani upesi, kwa kuwa pengo lake halina nyumba ya kulidai. Ufunguo umehama, mzigo umeachwa nyuma.

SIKU ZA MWISHO

Mwaka 1955 von Neumann aliapishwa kuwa kamishna wa Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani. Kabla ya mwaka kwisha, madaktari walimgundua na saratani. Mapema 1956 alikuwa katika kiti cha magurudumu alipopokea nishani ya uhuru kutoka kwa Rais Dwight Eisenhower.

Alilazwa katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Washington, chini ya ulinzi, kwani alijua siri nyingi za taifa. Mtu aliyeweza kukokotoa kichwani kuliko wenzake wote aliona akili ikimponyoka, na hofu ya kifo ilimwelemea. Aliomba kasisi wa Kikatoliki. Alifariki Februari 8, 1957, akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa Princeton. Kitabu chake kuhusu tarakilishi na ubongo, ambacho hakukikamilisha, kilichapishwa mwaka 1958.

Mashine alizozitamani sasa zimo mifukoni mwa wachumaji chai wa Nyansiongo na wafanyabiashara wa mjini Kisii. Zinapanga orodha kwa kufumba na kufumbua. Kisichofanywa na mashine ni kuuliza mtoto ni wa nyumba ipi. Swali hilo huulizwa na mwandishi wa orodha, awe kijana anayeunda tovuti au chifu anayeandika barua ya kuwataja warithi mahakamani. Asipoliuliza kabla ya kupanga, hakuna kasi itakayolijibu baadaye.